Dagaa Wenye Homa ya Manjano

Mume wa dada yangu hushona makoti. Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Kazi aliyoipenda zaidi ni nyingine kabisa: kufunga chambo cha manyoya, yaani kuchukua ndoana na kuivisha nyuzi, manyoya na nywele mpaka ifanane na kitu ambacho samaki amezoea kula. Mtaani wanamwita Fundi. Mimi ni shemeji yake, mdogo wa mke wake, kwa hiyo ninayo haki ya kumtania nitakavyo, na haki hiyo sijawahi kuiacha ilale.

Duka lake ni chumba kimoja kinachotazama barabara. Ndani kuna cherehani mbili, ya kwake na ya dada, makoti yasiyo na mikono yananing'inia ukutani, na meza ndefu ya kukatia imejaa chaki na vipande vya bitana. Kwenye pembe moja ya meza hiyo amekaza jiliwa dogo la kushikia ndoana. Meza yote ni ya wateja, lakini pembe ile ni ya samaki, na mteja akithubutu kuweka mkoba wake pale ndipo anapogundua kwamba Fundi naye ana sauti.

Elimu yake ya uvuvi ni fupi kuieleza na ndefu kuisikiliza. Anasema samaki hali chambo, samaki anakula chakula, basi mpe kilekile alichokiona asubuhi hiyo. Kwa hiyo kabla ya kufunga chochote alikuwa akishuka kwenye maji machache kando ya gati na kipande cha chandarua, akachota kilichopo: dagaa, uduvi, vijikaa visivyojaa ukucha. Aliwaleta nyumbani kwenye chupa ya jamu iliyojaa maji ya bahari, akaiweka dirishani, kisha akapiga magoti chini ya dirisha na kuinua uso. Kolekole, yule samaki mkubwa anayewala dagaa, hutokea chini, alisema, hajui mgongo wa dagaa ukoje, anajua tumbo tu. Wateja waliokuja kuchukua suruali zao walimkuta katika hali hiyo wakasubiri nje kwa heshima, wakidhani anasali.

Malighafi alizitafuta karibu. Jogoo wa jirani alitembea muda mrefu akiwa na shingo tupu, na jirani akahangaika kumtafutia dawa, masikini, bila kujua kwamba ugonjwa wa jogoo wake unakaa nyumba ya pili na una mkasi. Nywele alizipata kwangu, maana nina saluni ng'ambo ya barabara. Alikuwa akivuka na futi yake shingoni, akasimama mlangoni kwa adabu asiyo nayo akiwa kwake.

"Shemeji, nisaidie nyeupe kidogo."

"Nani anaolewa? Pweza?"

"Dagaa. Tumbo tu. Usiniletee maneno."

Na niseme ukweli, mkono alikuwa nao. Uduvi wake ungeutia kwenye chupa pamoja na uduvi wa Mungu, ungelazimika kutafuta ndoana kwanza ndipo ujue mgeni ni yupi. Kila Jumamosi alikwenda kuvua na rafiki yake, mzee aliyestaafu kupeleka barua, ambaye tunamwita Posta na ambaye mpaka leo anatembea upesi kana kwamba kuna mbwa nyuma ya kila geti. Walirudi na samaki, tukala, nikasifia huku nikitoa kasoro. Maisha yalikuwa hayo.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Hayakumwacha ghafla, ghafla angekubali. Yalimwacha kidogokidogo, na yeye kila mara akampata mkosaji mwingine. Kwanza ilikuwa balbu. Balbu za duka zilibadilishwa mpaka mle ndani pakawa na joto la jikoni. Balbu zilipokwisha kuhukumiwa, lawama ikahamia kwa watengeneza nyuzi, kwamba siku hizi hawajui kutia rangi. Baadaye akakishtaki kioo cha dirisha, dada akakisugua mpaka ndege wakawa wanakigonga.

Dada alimkokota kwa daktari wa macho. Daktari akasema wazi kwamba ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, jambo la kawaida kwa umri wake, na kwamba linatibika kwa upasuaji mdogo ila asichelewe. Fundi alishukuru, akampa daktari mkono, akamweleza kwamba koti lake limekaa vibaya mabegani, akarudi nyumbani. Hakukanyaga tena kule. Alikuwa na mjomba ambaye zamani hizo aliingia kutibiwa jicho akatoka ameshikwa mkono, na hadithi ya mjomba huyo ilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Ukimwambia dawa zimeendelea, anakwambia, "Hata mjomba aliambiwa hivyo."

Utani ni utani, lakini sote tulijua mambo yanakoelekea. Fundi asiyeona ni fundi wa nini? Macho yakienda, duka linakwenda, na mtu ambaye hajawahi kukaa kitako tangu ujana wake atawekwa kwenye kiti barazani aelezwe nani anapita. Dada aliliogopa jambo hilo kuliko alivyokubali kusema. Mimi niliogopa pia, na mimi nikiogopa huzidisha maneno.

Siku moja aliingia saluni nikiwa na kichwa cha mteja mikononi. Akaenda mwenyewe kwenye rafu ya nywele, akapekua, akachomoa fungu moja.

"Hii nyeupe ni safi," akasema. "Nyeupe ya tumbo hasa."

Lilikuwa fungu la rangi ya dhahabu, lile wanalolipenda wasichana wanaotaka kuonekana toka mbali. Mteja wangu akanitazama kwenye kioo. Mimi nikadhani ananitania, maana utani ndiyo lugha yetu.

"Chukua," nikamwambia. "Mwalike kolekole, mwambie harusi ni Jumamosi."

Hakucheka. Alikuwa amelinyanyua fungu kwenye mwanga wa mlango, analigeuza, ameridhika nalo kabisa. Ndipo nikakiacha kichwa cha watu katikati ya msuko.

Dagaa aliowafunga wiki hiyo walikuwa na matumbo ya manjano na migongo myeusi ti, pale ambapo dagaa wa chupani alikuwa na tumbo jeupe na mgongo wa kijani hafifu. Alikuwa amewapanga mezani na chupa pembeni, anawalinganisha, anatikisa kichwa kwa kujipongeza.

"Shemeji," nikasema, "dagaa wako wana homa ya manjano. Wapeleke hospitali."

"Wewe suka vichwa. Mambo ya maji niachie."

Akageuza kiti. Neno hospitali lilikuwa limemtosha kwa siku hiyo.

Samaki nao wakagoma. Jumamosi baada ya Jumamosi Posta alirudi na kitu, Fundi akarudi na maelezo. Mtu huyu aliyetuhubiria miaka nenda miaka rudi kwamba rangi ni nusu ya samaki sasa aligeuza dini. Cha kwanza ni ukubwa, alisema, cha pili ni umbo, rangi ni mapambo tu ya kuwafurahisha wavuvi madukani. Nyani haoni kundule, na huyu wetu alikuwa haoni hata la mwenzake.

Kitu ambacho yeye hakutakiwa kukijua ni kile kilichofanyika dukani Jumamosi hizo. Akishapotea kwenye kona na fimbo yake ya kuvulia, dada alikuwa akiyashusha makoti ya wiki nzima moja moja. Anakuta koti la kahawia limeshonwa kwa uzi wa zambarau. Anakuta tundu la kifungo limehama. Anafumua, anashona upya, anapiga pasi, anarudisha ukutani vilevile lilivyokuwa. Wateja walichukua makoti yao, wakasifu, na Fundi akazipokea sifa. Mimi nilikuwa nikivuka barabara nimsaidie kufumua, kwa kuwa kushona kwangu si kwa kuonyesha watu.

"Kwa nini usimwambie tu?" nilimuuliza.

Alikuwa na uzi mdomoni. Akautoa. "Nikimwambia, ataacha kushona. Akiacha atakaa nyumbani. Unamjua akikaa? Ataanza kunipangia vyombo jikoni."

"Dada, hebu acha mchezo."

"Sina mchezo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nimemwimbia mpaka sauti imekauka. Mimi hanisikii. Daktari hamsikii. Wewe ndiyo kabisa." Akaupitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, kama kawaida yake. "Kuna kiumbe kimoja tu anachokiamini hapa duniani, nacho hakina masikio."

Wiki ile akaniomba nywele nyeupe, nyeupe ya kweli, na unyoya mmoja wa kijani hafifu. Hakuwahi kufunga chambo maishani mwake, lakini alikuwa amekaa mbele ya lile jiliwa tangu walipooana, akimpokeza mume wake nyuzi. Alisubiri Fundi apitiwe na usingizi wa baada ya chakula, akafunga dagaa mmoja. Jamani, alikuwa na sura mbaya. Kichwa kikubwa, mkia umepinda, tumbo limetuna kama mtu aliyetoka kula karamuni. Lakini lilikuwa jeupe, na mgongo ulikuwa wa kijani, na urefu wake aliupima kwa futi kwenye dagaa wa chupani. Akampelekea Posta.

Posta hakulipenda jambo hilo. Alisimama mlangoni kwa dada akikigeuzageuza kile kitu kiganjani.

"Mama, huyu ni rafiki yangu. Nitamwaibishaje mbele ya maji?"

"Utamwaibisha, ndiyo," dada akamjibu. "Mimi nimeshindwa kumwaibisha vizuri. Wewe una nafasi."

Jumamosi nilifunga saluni nikawafuata. Nilisema nakwenda kupunga upepo, ila nilikwenda kwa umbea mtupu, na sijutii. Dada alibaki na makoti yake. Wao wanavulia kwenye ukuta wa mawe unaokinga mawimbi, pale maji ya mto yanapoingia baharini, na asubuhi ile dagaa walikuwa wengi mpaka maji yalikuwa yanatetemeka. Kolekole waliwaandama kutoka chini. Uliona dagaa wakirushwa juu kama mtu amekung'uta kitambaa, kisha kimya, kisha tena mbele kidogo.

Fundi alirusha wa kwanza. Anarusha vizuri, sitamnyima haki yake: mshipi unanyooka nyuma, unanyooka mbele, chambo kinatua bila kishindo. Kilitua katikati kabisa ya vurugu, akakivuta kwa mikupuo midogo kama dagaa anayekimbia. Nikamwona kolekole akija chini yake, mkubwa, akakifuata, akakifikia, halafu akageuza. Hakukurupuka wala nini. Aligeuza tu, kama mtu aliyechungulia sufuria akakuta si chakula alichoambiwa.

"Wameshiba," akasema Fundi.

Posta akarusha. Yule dagaa mbaya wa dada akatua kwa kishindo cha aibu, akaenda upandeupande, na kabla Posta hajavuta mara mbili fimbo ikapinda.

"Huyo alikuwa bado hajashiba," nikasema.

Akatoka wa kwanza. Fundi akarusha tena, kolekole akaja, akageuza. Posta akarusha, akatoka wa pili. Fundi akabadilisha chambo, akaweka kingine cha manjano na cheusi, akasema hiki ndicho, na samaki wakasema sicho. Posta alipompata wa tatu alikuwa amekwisha kuinamisha uso kama mwizi, hamtazami mwenzake. Mimi nilikuwa na utani umejaa mdomoni, nikaona hautoki.

"Lete nione," Fundi akasema.

Posta akampa. Fundi akakiweka kiganjani, akakipapasa kwa kidole gumba kuanzia kichwani, taratibu, kama anavyopapasa kitambaa. Alipofika penye fundo la mwisho, kidole kikasimama. Dada hufunga uzi kwa namna yake, huurudisha nyuma na kuupitisha chini ya wenzake kama anavyokaza kifungo cha koti, na hakuna mvuvi yeyote anayefanya hivyo.

"Huyu ni mke wangu," akasema.

Posta akaangalia bahari. Mimi nikaangalia Posta.

Fundi akatoa chambo chake, akakiweka kiganjani kando ya kile cha dada. Akavisogeza karibu na uso, akavipeleka mbali, akageuka jua liwe begani. Kwa macho yangu vilikuwa vitu viwili visivyojuana: kimoja cheupe na kijani, kingine manjano na cheusi.

"Cha kwake kimefungwa vibaya," akasema. "Umbo hakina. Lakini rangi ni moja."

Akanigeukia.

"Shemeji, wewe unauza nywele. Rangi ni moja au si moja?"

Miaka yote ile sikuwahi kumjibu mtu yule swali moja kwa unyoofu. "Si moja, Shemeji," nikamwambia. "Hazikaribiani hata."

Akakaa juu ya jiwe, viganja vimefunguka magotini, vyambo viwili juu yake. Kolekole waliendelea kupiga dagaa mbele yetu, na hakunyanyua fimbo. Alikaa hivyo mpaka nikatamani aseme balbu.

"Naogopa," akasema. "Mjomba aliingia anatembea. Naogopa sana." Halafu, akiongea na ile mikono yake: "Na makoti najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba yanafumuliwa. Macho ndiyo mabovu, Shemeji, kidole si kibovu. Napitisha kidole kwenye mshono Jumatatu asubuhi, si mshono wangu. Nimejua siku nyingi."

Hapo hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilimwambia, na simung'unyi maneno, kwamba kuogopa ni haki yake, hata mimi naogopa sindano, lakini kumwacha mke wako afanye kazi ya watu wawili na aifiche ya pili ili wewe uendelee kusifiwa, huo si woga, hiyo ni roho mbaya. Posta alinishika mkono. Nikautoa. Fundi alisikiliza yote na hakunikatiza, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi twende," akasema, akaanza kukunja mshipi wake. "Kabla sijajifanya nimesahau."

Hospitali alikwenda mwenyewe, dada upande mmoja, mimi upande mwingine, kama watu wanaompeleka mfungwa asije akachomoka. Daktari ni yuleyule. Akamuuliza kwa nini amechelewa hivyo na kwa nini amekuja sasa.

"Nimeletwa na samaki," Fundi akasema.

Daktari akacheka. Fundi hakucheka. Siku ya upasuaji, alipoitwa jina akasimama, akakaa, akasimama tena. Alimpa dada saa yake, mkanda wake, kofia yake, akawa anatafuta kitu kingine cha kumpa ili mlango usifunguliwe. Dada akamgeuza mabega kama anavyomgeuza mteja mbele ya kioo, akamsukuma ndani. Mlango ulipofungwa ndipo nilipoiona mikono ya dada, ile inayoupitisha uzi kwenye sindano mara moja tu, ikijaribu mara tatu kuukunja ule mkanda na kushindwa. Kisha akaikumbatia ile kofia. Mjomba wa mtu mwingine alikuwa ametuogopesha sote.

Kesho yake asubuhi nesi alikuja kumfungua jicho la kwanza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mgongo wima, kama mtu anayepigwa picha. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na utani wa kolekole, na utani wa mjomba, na mmoja juu ya uso wa nesi ambao nilishauri nafsi yangu niuache. Dada alisogea mpaka akawa mbele yake kabisa. Nesi akabandua pamba, akafuta jicho, akamwambia afungue taratibu.

Akafungua. Akapepesa. Chozi likamtoka lile la dawa, akalifuta, akafungua tena. Akamtazama dada, akaanzia juu kwenye nywele, akashuka machoni, kwenye mikunjo iliyo chini ya macho, mdomoni, mabegani, akafika kwenye vidole vyenye alama za sindano, akarudi usoni, akakaa hapo. Alikuwa hajamwona vizuri kwa muda mrefu sana, na sasa alikuwa akimwona mzima kwa mara moja.

"Unaona?" dada akamuuliza.

"Naona," akasema. "Naona umechoka, mke wangu."

Utani wangu wote ukanipotea. Dada alikuwa amevumilia makoti, na balbu, na kioo, na hajadondosha chozi hata moja mbele ya mtu. Akakaa kitandani kando yake.

"Nimechoka, ndiyo," akasema. "Kuna koti la kahawia ukutani. Hilo utashona mwenyewe."

"Nitashona."

Akamwekea kichwa begani, akalia, na Fundi akaendelea kumtazama kwa lile jicho moja.